Mchambuzi wa Bei za Umeme: Mambo ya Kufanya na Kutofanya

Haya ni kwa kijana anayetumwa Kasulu au Kibondo, mkoani Kigoma, kuandika taarifa ya bei ya umeme, awe wa halmashauri, wa benki, wa shirika, au wa kujitegemea anayemwandikia mtu mchanganuo wa mkopo. Shahada unayo. Hesabu unaijua. Kinachokushinda ni kusoma kabla ya kukokotoa, na gharama ya uvivu huo hulipi wewe. Analipa mwenye mashine ya kusaga wa Kagerankanda, ambako hata shamba la kuweka dhamana lina maswali yake, kwa kuwa mpaka wa mashamba na msitu wa hifadhi wa Makere Kusini umegombewa miaka mingi. Mtu wa namna hiyo akikosewa hesabu mara moja, hana pa kuanzia tena.

Bei ya umeme ni sheria kwanza, hesabu baadaye. Karibu kila kosa linalotajwa humu linatokana na kugeuza mpangilio huo.

1. CHANZO CHA BEI

FANYA

Anza na agizo la EWURA, mdhibiti wa huduma za nishati na maji. Chini ya Sheria ya EWURA (Sura 414) na Sheria ya Umeme ya mwaka 2008 (Sura 131), TANESCO, shirika la umeme, huomba bei, EWURA huchunguza, huitisha taftishi, yaani mkutano wa kupokea maoni, kisha hutoa agizo. Agizo hilo ndilo bei. Gazeti si bei. Kipeperushi si bei. Rafiki yako fundi naye si bei.

Andika mwaka wa agizo na tarehe ya kuanza kutumika chini ya kila jedwali. Bei nitakazozitaja hapa ni za agizo lililoanza tarehe 1 Aprili 2016. Zimedumu hadi watu wamezizoea na kuacha kuzihakiki. Kabla ya kuzinukuu, hakikisha hakuna agizo lililozifuta.

USIFANYE

Usichukue bei kwenye taarifa ya habari. Mwishoni mwa Desemba 2016 EWURA iliidhinisha ongezeko la asilimia 8.5 baada ya TANESCO kuomba asilimia 18.19, lianze tarehe 1 Januari 2017. Tarehe 31 Desemba Waziri wa Nishati na Madini, Profesa Sospeter Muhongo, akalisimamisha. Siku iliyofuata Rais Magufuli akatengua uteuzi wa Mkurugenzi Mtendaji wa TANESCO, Felchesmi Mramba. Mteja hakulipa ongezeko hilo hata senti. Bado nimesoma michanganuo ya miaka ya baadaye yenye asilimia 8.5 ndani yake. Mwandishi alisikia habari ya kupanda, hakungoja ya kusimamishwa.

Usiandike "TANESCO imepandisha bei." TANESCO haina mamlaka hayo. Ukimtaja asiyeamua, msomaji wako atapeleka malalamiko mlango usio wake, na muda wa kupinga utampita.

2. KUNDI LA MTEJA

FANYA

Mweke mteja kwenye kundi lake kabla ya kugusa kikokotoo. D1 ni nyumba yenye matumizi madogo: uniti 75 za kwanza kwa mwezi ni shilingi 100 kila moja, zinazozidi ni shilingi 350. T1 ni matumizi ya kawaida, yakiwamo maduka na mashine ndogo: shilingi 292 kwa uniti. T2 ni mteja wa msongo mdogo anayepita uniti 7,500 kwa mwezi na ambaye mahitaji yake hayazidi kVA 500: shilingi 195 kwa uniti, juu yake shilingi 14,233 za huduma kila mwezi na shilingi 15,004 kwa kila kVA ya kilele chake. T3 ni wa msongo wa kati na mkubwa. Ukikosea kundi, usinionyeshe kurasa zilizobaki.

Pima kilele, usipime uniti peke yake, mteja akiwa T2. Mota zenye mzigo wa kilowati 100 zikifanya kazi kwa kipengele cha nguvu cha 0.7 zinavuta karibu kVA 143. Zikifungiwa kapasita na kufika 0.95, zinavuta kVA 105. Tofauti hiyo ni zaidi ya shilingi 560,000 kwa mwezi kabla ya kodi, na hakuna gunia hata moja la ziada lililokobolewa. Mchambuzi asiyeuliza habari ya kapasita amemwachia mteja tundu mfukoni.

USIFANYE

Usimpe mwenye mashine bei ya nyumba. Hili ndilo kosa linaloumiza watu wengi kuliko yote. Chukua mashine inayovuta kilowati 15, saa sita kwa siku, siku 26 kwa mwezi. Hizo ni uniti 2,340. Mchambuzi mvivu anazidisha kwa shilingi 100 aliyoizoea nyumbani kwao na kuandika shilingi 234,000. Mteja huyo ni T1, na bei yake pamoja na kodi na tozo inafika shilingi 833,600. Benki inatoa mkopo kwa hesabu ya kwanza, mita ya LUKU, ya kulipa kabla, inadai kwa hesabu ya pili. Mwezi wa tatu mashine imezimwa, na ofisa mikopo anauliza nani aliandika mchanganuo.

Usimshauri mteja wa D1 aombe T1 eti kwa sababu amepita uniti 75. Shilingi 350 inatisha ikisomwa peke yake, lakini uniti 75 za mwanzo bado ni za shilingi 100. Kwa uniti 100, D1 analipa shilingi 16,250 kabla ya kodi. T1 angelipa 29,200. Mistari hiyo miwili haikutani mpaka karibu uniti 323. Ndiyo maana anayezidi mara kwa mara huhamishwa, haombi mwenyewe.

3. RISITI YA LUKU

FANYA

Ongeza kodi na tozo, kila moja kwenye mstari wake. VAT asilimia 18, tozo ya REA (Wakala wa Nishati Vijijini) asilimia 3, tozo ya EWURA asilimia 1, zote juu ya bei ya nishati. Shilingi 100 inakuwa 122. Shilingi 292 inakuwa 356.24. Shilingi 350 inakuwa 427. Uniti 75 za D1 ni shilingi 9,150, na mama muuza dagaa wa sokoni Kasulu anaitaja bila kikokotoo. Aibu yako kama wewe huijui.

Tenganisha kodi ya jengo. Tangu Agosti 2021 kodi hiyo hukatwa kupitia LUKU, na kuanzia Julai 2023 jengo la kawaida linalotozwa hukatwa shilingi 1,500 kwa mwezi. Si bei ya umeme wala si mapato ya TANESCO. Usiichanganye na nishati hata kama risiti imeichanganya.

USIFANYE

Usigawanye fedha kwa uniti na kuiita bei. Mtu hajanunua umeme miezi miwili, sasa ananunua wa shilingi 5,000. Shilingi 4,500 za kodi ya jengo ya miezi mitatu zinakatwa kwanza, zinabaki 500, anapata uniti nne na ushei. Mchambuzi asiyesoma risiti anagawanya 5,000 kwa uniti hizo, anapata zaidi ya shilingi 1,200 kwa uniti, kisha anaandika kwamba umeme wa Kasulu haushikiki. Mwanasiasa anaichukua hiyo namba na kupanda nayo jukwaani. Hapo haitarudi tena.

Usiitoe VAT kwenye hesabu ya mfanyabiashara mdogo. Anayerudishiwa ni aliyesajiliwa. Mwenye mashine wa kijijini kwa kawaida hajasajiliwa, kwa hiyo kwake asilimia 18 ni gharama kamili.

4. WASTANI

FANYA

Kokotoa bili ya mteja mdogo, wa kati na mkubwa, kabla na baada ya badiliko. Tazama bei zilizoanza Januari 2014. TANESCO iliomba ongezeko la asilimia 67.87, EWURA ikaruhusu wastani wa asilimia 39.19. Kabla ya hapo mteja mdogo wa nyumbani alilipa shilingi 60 kwa uniti 50 za kwanza na shilingi 273 kwa zilizozidi. Baada ya hapo alilipa 100 hadi uniti 75. Sasa hesabu, bila kodi. Nyumba ya uniti 30 ilitoka shilingi 1,800 ikaenda 3,000, yaani theluthi mbili juu. Nyumba ya uniti 75 ilitoka shilingi 9,825 ikashuka hadi 7,500. Agizo lilelile, siku ileile: mwenye taa tatu na redio kapandishiwa, mwenye friji kashushiwa.

USIFANYE

Usiandike asilimia ya wastani peke yake. Asilimia 39.19 haimtaji hata mmoja kati ya hao wawili. Huku nyanda za juu za Kigoma nyumba nyingi ni za taa na kuchaji simu. Ukiandika wastani, umewaandikia watu wa Masaki, Dar es Salaam.

5. KUUNGANISHWA

FANYA

Uliza kwanza mteja yuko kijijini au mjini kwa orodha rasmi, si kwa macho. Tangu Januari 2022 kuunganishwa kijijini ni shilingi 27,000. Mjini ni shilingi 320,960 kwa njia moja bila nguzo, 515,618 kwa nguzo moja, 696,670 kwa nguzo mbili. Kasulu ina Halmashauri ya Mji na Halmashauri ya Wilaya. Ndani ya mipaka ya mji kuna mitaa yenye migomba na mihogo mpaka dirishani, na macho yako yatakuambia ni kijiji. Kosa hapo ni la karibu shilingi laki tatu kwa kila nyumba. Zidisha kwa kaya za mtaa mzima uone bajeti uliyoiharibu.

Hesabu na wayaring. Shilingi 27,000 inafikisha umeme kwenye mita. Waya za ndani, swichi, soketi na fundi ni za mwenye nyumba, na mara nyingi zinazidi ada yenyewe mara kadhaa. Kama nyumba ni ya chumba kimoja au viwili, uliza kuhusu UMETA, kifaa kinachomwondolea mtu gharama ya wayaring ya nyumba nzima.

USIFANYE

Usiandike kwamba kijiji kina umeme ukimaanisha watu wana umeme. Tanzania Bara ina vijiji 12,318 na vitongoji zaidi ya 64,000. Nguzo ikifika penye ofisi ya kijiji, kijiji kimehesabiwa. Vitongoji vilivyo ng'ambo ya bonde havijaona waya. Utafiti wa taifa wa nishati wa 2019/20 ulionyesha waliofikiwa na huduma ni asilimia 78.4, lakini kaya zilizounganishwa ni asilimia 37.7. Vijijini ni asilimia 69.8 dhidi ya 24.5. Anayenukuu namba ya kwanza akificha ya pili anajua anachokifanya. Wewe usimsaidie.

Usigawanye wateja kwa idadi ya watu kabla ya kuuliza kama kambi ya wakimbizi imo. Nyarugusu, iliyopo wilayani Kasulu tangu 1996, imehifadhi wakimbizi zaidi ya laki moja. Nduta iko Kibondo. Ukiwaweka wakimbizi kwenye kigawanyo, wilaya itaonekana ya mwisho nchini. Ukiwatoa kimyakimya, itaonekana imepiga hatua ghafla. Fanya mojawapo, lakini sema umefanya ipi.

6. MITAMBO, NJIA NA MIRADI

FANYA

Tenganisha gharama ya kuzalisha na bei ya kuuza. Kwa miaka mingi Kigoma, Kasulu na Kibondo ziliwashwa kwa majenereta ya dizeli, na uniti moja ya dizeli iligharimu zaidi, tena kwa mbali, kuliko bei aliyolipa mteja. Mkazi wa Kibondo hata hivyo alilipa sawa na wa Dar es Salaam, maana bei ya TANESCO ni moja nchi nzima. Pengo lilibebwa na shirika na wateja wote. Gridi ya Taifa ilipoingia mkoani kupitia Nyakanazi mwaka 2022, gharama ilishuka, bei kwa mteja ikabaki palepale. Usishangae. Aliyepumua ni mlipa dizeli.

Uliza umeme unapita njia gani mpaka kwa mteja wako. Laini ndefu ya kilovolti 33 hupoteza msongo kadiri unavyokwenda mbali, na mota huzionja hasara hizo kabla ya taa. Saa za kukatika na msongo mdogo ni sehemu ya gharama ya umeme hata kama hazimo kwenye risiti. Mwenye mashine anayeweka jenereta ya akiba ana bei mbili. Ziandike zote mbili.

USIFANYE

Usiahidi kwamba mradi fulani utashusha bei. Maporomoko ya Igamba kwenye mto Malagarasi ni fundisho la kutosha. Mtambo wa megawati 8 uliingizwa kwenye mpango wa fedha za Marekani za MCC, mkataba uliosainiwa mwaka 2008. Uchunguzi wa mazingira ukakuta viumbe wa mtoni wasiopatikana kwingine, mtambo ukaondolewa, fedha zikahamishiwa umeme wa jua mkoani Kigoma. Baadaye ukaja mradi mwingine Malagarasi, wa megawati 49.5. Waliopanga biashara zao kwa megawati 8 wanangoja nini?

Usihesabu megawati za wengine. Rusumo ni megawati 80, lakini ni za Tanzania, Rwanda na Burundi, theluthi kwa theluthi. Ukiandika 80 kwenye jedwali la Tanzania, umewaibia majirani wawili kwa kalamu.

Usichanganye kilichosainiwa, kinachojengwa, na kinachopeleka umeme. Weka safu tatu. Kisichopeleka umeme leo kisiingie kwenye hesabu ya leo.

7. MAJIRANI NA WAZALISHAJI WADOGO

FANYA

Linganisha bili kwa bili. Kenya, bei anayolipa mteja hupandishwa na kushushwa kila mwezi na gharama za mafuta na fedha za kigeni. Na tangu Aprili 2023 kundi la matumizi madogo linaishia uniti 30. Uganda, uniti za nafuu ni 15. Chukua nyumba ya uniti 60, iwekee kodi na tozo zote za kila nchi kwa mwezi uleule, kisha ndipo useme nani anaumia.

Soma kanuni za wazalishaji wadogo kabla ya kupendekeza gridi ndogo kwa kitongoji cha mbali. Ukubwa wa mtambo ndio unaoamua. Chini ya megawati moja hakuhitajiki leseni kamili, na chini ya kilowati 100 bei haipitii idhini ya mapema, ila wateja wanayo haki ya kuomba ipitiwe.

USIFANYE

Usipange mradi wa jua kwa bei unayoitamani. Mwaka 2020 serikali iliagiza wenye gridi ndogo watoze shilingi 100 kwa uniti, kama TANESCO kijijini. Gharama zao zilikuwa juu zaidi ya hapo, mara kadhaa. Mpango usio na jibu la swali "nyaya za TANESCO zikifika, au bei ikishushwa kwa agizo, itakuwaje?" si mpango.

8. TAFTISHI NA MALALAMIKO

FANYA

Peleka hesabu kwenye taftishi. Mkutano huo ndio mahali ambapo TANESCO hulazimika kueleza mapato inayoyahitaji na sababu zake. Namba moja iliyothibitishwa, ya mashine moja ya Kibondo, ina uzito kuliko hotuba ya saa nzima. Ukishindwa kwenda, wape Baraza la Ushauri la Watumiaji, EWURA CCC. Kazi yao ni kumsemea mtumiaji, na hawawezi kumsemea kwa hewa.

Mfundishe mlalamikaji ngazi. Kwanza kwa mtoa huduma, kwa maandishi, nakala ibaki mkononi. Asiporidhika, EWURA. Asiporidhika tena, Baraza la Ushindani. Anayeruka ngazi hurudishwa chini, na siku zinakwenda.

USIFANYE

Usiende taftishi na kilio. "Wananchi ni maskini" kila mtu ukumbini anajua. Sheria inataka bei iakisi gharama halali. Onyesha gharama ipi si halali, hasara ipi ya umeme ingezuilika, kundi lipi linabebeshwa mzigo wa jingine. Usipoweza, mwachie kipaza sauti anayeweza.

Usimwandikie mteja anachotaka kusikia. Mwenye mashine anataka uniti ya shilingi 100. Diwani anataka kijiji chake kihesabiwe. Mfadhili anataka megawati. Wewe umeajiriwa kusoma agizo.

KABLA YA KUSAINI

Nenda kwenye kijiji unachokiandikia. Omba risiti za LUKU za nyumba, duka na mashine. Weka bei zako, kodi zako na tozo zako, uone kama uniti zinatoka sawasawa na zilizochapwa kwenye risiti. Zikitoka sawa, saini. Zisipotoka, usizungushe namba ili zikubali. Rudi kwenye agizo, utafute ulipokosea, hata kama mkubwa wako anaitaka taarifa kesho asubuhi. Taarifa ikichelewa utakemewa. Ikiwa na uongo, kuna mtu atauza mashine.